Ajali ya mota ina kinga: Askari apimwe kabla ya kukabidhiwa kombora

Ajali haina kinga, hunena wahenga wetu, nasi tumeizoea methali hiyo kiasi kwamba huitoa kinywani bila kufikiri kila tunapomzika mtu ambaye hakupaswa kuzikwa siku hiyo. Matatu ikibingirika, twaisema. Ghorofa likiporomoka, twaisema. Na askari akifa mazoezini, mbali na adui yeyote, akiuawa na silaha ya kikosi chake mwenyewe, twaambiwa maneno hayo hayo: bendera hutandikwa juu ya jeneza, tarumbeta hulia, wazazi hupewa pole, na mambo yakaishia hapo.

Mimi siwakosoi wahenga. Nadhani wao walizungumzia mambo yaliyo nje ya uwezo wa binadamu, kama radi na mafuriko ya ghafla. Lakini zipo ajali ambazo kinga yake inajulikana, imeandikwa vitabuni na hufundishwa kila mwaka. Zinapotokea, aghalabu ni kwa sababu mtu fulani aliiruka hatua fulani, na mtu mwingine aliyepaswa kumzuia akanyamaza. Ajali nyingi za silaha iitwayo mota ni za jamii hiyo, na ndizo ninazotaka tuzitafakari leo.

Huenda msomaji akauliza, raia wa kawaida ana haja gani na mambo ya mota? Ana haja kubwa. Kila wanapoitishwa vijana wa kusajiliwa jeshini, viwanja vyetu vya michezo hujaa maelfu wakikimbia, wakipimwa vifua na kukaguliwa meno. Nyuma ya kila mmoja wao yuko mzazi. Mzazi huyo anapomkabidhi mwanawe kwa taifa, anajua kwamba vita vyaweza kumchukua, naye amelikubali hilo kwa moyo mzito. Hakumkabidhi ili achukuliwe na mazoezi.

Hebu tuangalie kisa kimoja ambacho kilichunguzwa kikamilifu na matokeo yake yakatangazwa. Usiku wa tarehe 18 Machi 2013, wanajeshi wa kikosi cha Marine cha Marekani walikuwa katika bohari ya kijeshi ya Hawthorne, jimbo la Nevada, wakifanya mazoezi kwa makombora halisi ya mota ya milimita 60. Kombora lililipuka pale pale penye mota. Wanajeshi saba walifariki na wengine wanane wakajeruhiwa. Kwa muda, mota za aina hiyo zikapigwa marufuku kutumiwa, kwa kuchelea kwamba huenda kasoro ilikuwa katika silaha yenyewe au katika makombora yake.

Uchunguzi ulipokamilika, silaha haikupatikana na hatia. Ilibainika kwamba kombora la pili lilitiwa mtutuni ilhali la kwanza halijatoka. Wachunguzi hawakukomea hapo, na hili ndilo la kuzingatiwa zaidi. Walisema kwamba kikosi kile hakikufuata taratibu sahihi na hakikuwa kimefanya mazoezi ya matayarisho yanayofaa kabla ya kuingia katika zoezi lile la makombora halisi. Kamanda wa batalioni, kapteni wa kampuni na afisa aliyehusika na silaha za batalioni wakaondolewa katika nyadhifa zao.

Tukumbuke kwamba hilo ni mojawapo ya majeshi yenye fedha nyingi zaidi duniani. Halikukosa vitabu, halikukosa makombora, wala halikukosa walimu. Kilichokosekana ni kitu kisichonunuliwa, yaani mtu wa kusema wiki moja kabla ya zoezi, "Vijana hawa hawajawa tayari," na mkubwa wa kumsikiliza.

Miaka mitano baadaye, mwezi Julai 2018, msiba kama huo uliifika Ukraine. Mota ya milimita 120 ililipuka katika uwanja wa mazoezi wa mkoa wa Rivne, askari watatu wakafa na wengine wakajeruhiwa. Huko kukazuka mabishano makali. Wapo walioilaumu mota yenyewe, na wapo walioshikilia kwamba makombora mawili yalikutana ndani ya mtutu mmoja. Mabishano ya namna hiyo ni mzigo mwingine kwa wafiwa, maana mtu hufiwa mara moja kisha akawasikiliza wataalamu wakivutana juu ya kaburi.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, mota ni mtutu uliosimamishwa kwa mwinamo, ukitegemezwa na miguu miwili upande wa mbele na kukalia bamba zito la chuma upande wa chini. Jina lake la Kizungu ndilo lile lile la kinu cha kutwangia, nalo laifaa. Kombora hudondoshwa mdomoni mwa mtutu kama mchi unavyoshuka kinuni. Huteleza hadi chini, likagonga pini, baruti ya mkiani ikawaka, nalo likarudi juu kwa njia ile ile liliyoingilia na kwenda kuanguka kilomita kadhaa mbele. Mota nyepesi ya milimita 60 hubebwa na watu wachache sana. Ile ya milimita 120 huhitaji gari.

Umbo hilo lilibuniwa na Mwingereza Wilfred Stokes mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na baada ya vita Mfaransa Edgar Brandt akaliboresha. Hadi leo mota nyingi ulimwenguni ni wajukuu wa hiyo ya Stokes. Wala si mgeni kwetu. Babu zetu wa KAR waliipigania Burma pamoja na mizinga ya aina hiyo mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikisukuma mbele katika bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika. Tangu enzi hizo haijatoka mikononi mwa askari wa miguu wa kanda hii.

Ubora wa mota ni usahili wake. Haina vipuri vingi, haikwami ovyo, na huweza kufyatua makombora mengi kwa dakika moja. Lakini usahili huo ndio unaoponza. Kijana aweza kufundishwa kudondosha kombora mtutuni katika asubuhi moja, naye akaondoka uwanjani akiamini kwamba amejua kazi. Hajajua. Amejua sehemu ile ambayo hata mtoto angeiweza.

Fikiria yanayoweza kuharibika. Kombora laweza kushuka lisiwake, likabaki limekaa chini ya mtutu. Ikiwa mota za jirani zinanguruma, masikio yamezibwa na usiku ni giza, anayetia aweza kudhani kwamba la kwake nalo limekwenda, akadondosha la pili juu ya la kwanza. Baadhi ya mota za asili ya Kirusi zimewekewa kifaa mdomoni cha kulizuia kombora la pili lisiingie, lakini nyingi hazina kinga hiyo. Kinga yake ni macho na masikio ya watu waliozizunguka.

Kuna baruti za nyongeza ambazo hufungwa mkiani mwa kombora ili lifike mbali zaidi. Ikihesabiwa pungufu, kombora huanguka karibu, pengine juu ya wenzao walio mbele. Ikizidishwa, huvuka mpaka wa uwanja na kwenda kwa watu. Kuna tawi la mti au waya uliopita juu ya mota, ambao hakuna aliyeinua kichwa kuutazama. Kuna bamba la chini ambalo huzama kidogo udongoni kwa kila mpigo, na mlengaji asiporekebisha kilengeo chake, kila kombora hupotoka zaidi ya lililotangulia. Kuna tarakimu moja iliyosikika vibaya redioni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji hila ya adui. Yote hutokana na uchovu, haraka, mazoea na kunyamaza.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yangu. Kufundisha ni jambo moja, na kupima ni jambo jingine kabisa. Majeshi mengi hufundisha vizuri, yakapima vibaya.

Sisi Wakenya tunaijua tofauti hiyo kwa uchungu. Nani kati yetu hajaona shule ya udereva ambako mwanafunzi husimama mbele ya ubao uliochorwa mfano wa mji, akasukuma kigari cha kuchezea kwa kidole kuzunguka mzunguko wa barabara, akataja alama tano, akaambiwa kwamba amefaulu? Kesho yake yumo barabarani na abiria kumi na wanne. Amepimwa, lakini kilichopimwa ni ulimi wake na kidole chake. Hakuna aliyepima atafanya nini breki zitakapomkatalia kwenye mteremko.

Askari wa mota naye aweza kupimwa kwa mtindo wa kigari cha kuchezea. Ataulizwa taja sehemu za mota, atazitaja. Ataulizwa kombora lisipowaka utafanya nini, atajibu kwa ufasaha: nitapaza sauti kuwajulisha wenzangu, tutasimamisha ufyatuaji, tutakaa mbali na mdomo wa mtutu na kungoja muda uliowekwa, kisha tutafuata hatua za kuliondoa moja baada ya nyingine kwa amri. Atapewa alama zote. Lakini swali lenyewe halijaulizwa. Je, usiku, akiwa amelowa, amechoka, na mkubwa wake anamhimiza, kijana huyu ataligundua kombora ambalo halikutoka? Na akiligundua, atathubutu kuisimamisha kazi?

Nina jirani ambaye ni sajini mstaafu, na miaka yake mingi ya utumishi aliitumia kufundisha mota. Siku moja nilimuuliza, "Afande, ulikuwa ukijuaje kwamba kijana amefuzu?"

Akatabasamu. "Ndugu yangu, si siku ile anajibu maswali. Nilikuwa nampa makombora ya bandia, yasiyo na kitu ndani, kisha namharakisha. Nampigia kelele, namwambia muda umekwisha, wenzake wamemaliza. Katikati ya zogo hilo nafanya kombora moja liwe kama limekwama. Sasa natazama mikono yake."

"Ukaona nini?"

"Wengine mikono ilikwenda moja kwa moja kushika jingine. Hao nawarudisha nyuma. Mmoja aliacha kila kitu akanitazama usoni akasema, 'Hapana afande, la kwanza halijatoka.' Nilikuwa na cheo kumzidi, na bado alinikatalia. Huyo ndiye nilimpa kombora halisi."

"Na yule ambaye shabaha zake zote zilipiga, lakini mikono ikakimbilia jingine?"

"Huyo hasa ndiye wa kuogopa, maana kila mtu anamsifu."

Naamini kwamba katika maneno hayo machache mna mtaala mzima. Kwanza, kipimo kiwe cha vitendo, na kiwe na mtego ndani yake. Mtihani ambao mtahiniwa anajua hauwezi kumwangusha ni sherehe tu. Kama katika miaka kumi hakuna kikosi hata kimoja kilichoanguka mtihani wa usalama, tusishangilie ubora wa askari. Tuwaulize watahini wanaogopa nini.

Pili, hatua zifuatane bila kurukwa. Darasa litangulie, kisha makombora ya bandia hadi viungo vizoee, kisha makombora halisi machache mchana, kisha usiku, na mwisho kikosi kizima kikisogea na kufyatua pamoja na vikosi vingine. Kila hatua iwe na mlango, na mlango huo uwe na bawabu. Atakayeshindwa arudi hatua moja nyuma, bila aibu na bila kuchekwa. Haraka haraka haina baraka, na kwa mota ukosefu huo wa baraka huhesabiwa kwa majeneza. Ratiba ya zoezi kubwa iliyokwisha kupangwa, wageni waliokwisha kualikwa na ndege zilizokwisha kukodiwa hazimfanyi askari asiye tayari awe tayari.

Tatu, apimwe kila mtu katika kila nafasi. Kikosi cha mota ni kama jahazi dogo. Yuko anayelenga, yuko anayetia, yuko anayetayarisha makombora na kuhesabu baruti, na yuko kiongozi anayetoa amri. Akiugua mmoja, mwingine hushika nafasi yake. Ikiwa cheti ni cha kikosi pekee, mgeni aliyehamishwa juzi kutoka kambi nyingine atajificha ndani ya sifa za wenzake hadi siku ya maafa. Aidha cheti hicho kiwe na kikomo. Ustadi wa mikono huchakaa usipotumiwa, na aliyefuzu miaka mitatu iliyopita bila kuigusa mota tangu hapo hana tofauti kubwa na asiyefuzu.

Nne, na hili litawaudhi baadhi ya wakubwa, wapimwe maafisa pia. Hawthorne inatufundisha kwamba mkono uliotia kombora la pili ulikuwa wa askari mmoja, lakini njia iliyomfikisha hapo ilipangwa na watu wenye nyota mabegani. Nani alikagua mazoezi yao ya awali? Nani alitia sahihi kwamba wako tayari? Afisa wa usalama wa uwanja apimwe kama anajua mipaka ya kulia na kushoto ya ufyatuaji, umbali wa chini na wa juu unaoruhusiwa, na kama hesabu za mlengaji zimehakikiwa na mtu wa pili aliyezifanya upya mwenyewe, bila kunakili za kwanza. Zaidi ya yote, apimwe kama ana moyo wa kusimamisha zoezi la jenerali.

Kwa sababu hiyo hiyo mtahini asiwe mtu wa kikosi kile kile. Koplo hawezi kumwangusha kamanda anayemwandikia ripoti ya kupandishwa cheo. Atoke chuo kingine au kambi nyingine, na ripoti yake ipelekwe juu bila kupitia mikononi mwa aliyepimwa.

Tano, ziandikwe ajali zilizoponea chupuchupu. Kombora lililokwama likaondolewa salama, baruti iliyohesabiwa vibaya ikagunduliwa kabla ya kutiwa, kombora lililoanguka mita mia mbili nje ya shabaha lisimpate mtu: haya ni mafunzo ya bure ambayo Mungu ametupa bila kutudai damu. Jeshi linalomwadhibu askari kwa kuripoti jambo kama hilo linajifundisha kuficha, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Usalama wa mota haukomei kwa waliosimama kando yake. Kombora huanguka mahali, na mahali hapo hapa kwetu aghalabu ni malisho. Wakazi wa Archer's Post huko Samburu na wa Dol Dol huko Laikipia wanalijua hilo kuliko mwandishi yeyote. Kwa miongo mingi majeshi yamefanyia mazoezi katika nyanda hizo, na silaha zilizoanguka bila kulipuka zikabaki nyasini. Wachungaji, na watoto wao waliookota chuma kinachong'aa wasijue ni nini, waliuawa au kukatika viungo. Mwaka 2002, baada ya madai kupelekwa Uingereza, Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilikubali kuwalipa zaidi ya watu 200 fidia ya takriban pauni milioni 4.5.

Katika mabishano yaliyotangulia malipo hayo, Waingereza walitaja jambo ambalo halikuwa la uongo, kwamba wao si jeshi pekee lililotumia viwanja hivyo, kwani jeshi letu pia hufanya mazoezi huko. Mimi nauliza, kwa nini swali hilo lilikuwa gumu? Kama kila kombora lililofyatuliwa lingeandikwa, likahesabiwa kama limelipuka au la, na mahali lilipoangukia kutiwa alama hadi wataalamu walipoharibu lililobaki, kusingekuwa na nafasi ya kubishana ni la nani. Hesabu hiyo ni sehemu ya kazi ya mota kama ilivyo kulenga. Kikosi kilichofyatua makombora hamsini, kikahesabu milipuko arobaini na minane, hakijamaliza zoezi hata kama shabaha imesambaratika. Kimebakisha makombora mawili kwa ajili ya mtoto wa mchungaji. Mtahini asiwape alama za kufaulu hadi hayo mawili yaonekane.

Vitani nako mambo ni yale yale. Kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, AMISOM, kilipokuwa kikipigana Mogadishu, wapiganaji walikuwa wakirusha makombora kutoka sehemu zenye watu wengi kama soko la Bakara, nao walinda amani wakijibu kwa silaha za kufyatua kutoka mbali. Raia waliokuwa kati wakaangamia, na lawama zikakiandama kikosi kile. Mwaka 2011 AMISOM ikapitisha sera maalumu ya matumizi ya silaha hizo ili kupunguza madhara kwa raia, na majeshi yetu ya Kenya yaliyojiunga na kikosi hicho mwaka 2012 yaliikuta tayari. Lakini sera ni karatasi. Inayoitekeleza ni ile mikono ya sajini na vijana wake, waliofundishwa nyumbani kabla ya kuvuka mpaka. Askari ambaye hakuzoeshwa kuuliza uwanjani, "Nani yuko pale litakapoangukia?" hataanza kuuliza hivyo katikati ya mapigano.

Kuna pia madhara ambayo hayana mlipuko wa kuogofya wala habari za ukurasa wa kwanza. Anayetia makombora husimama karibu na mdomo wa mtutu, na kila mpigo humtikisa masikio na ubongo. Mtu mmoja aweza kupata mitikisiko mamia katika mafunzo ya wiki chache. Kwa muda mrefu jambo hili lilipuuzwa, wastaafu wenye kuumwa kichwa na kusahausahau wakaambiwa ni uzee. Mwaka 2024 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa maagizo ya kuwapunguzia askari wake mitikisiko hiyo. Nasi tusingoje hadi wajukuu wetu watuulize. Kila askari wa mota awe na daftari la makombora aliyofyatua, na apimwe masikio kabla ya mafunzo na baada yake.

Najua kuna watakaonijibu kwamba vita si darasa, na kwamba askari akilelewa kwa tahadhari nyingi mno atakuwa mwoga na mzito. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, mgala muue na haki umpe. Kweli mota hutakiwa kuwa ya haraka, na kombora linalochelewa laweza kuwagharimu wenzetu maisha. Lakini haraka ya askari aliyefuzu na haraka ya askari aliyepapatika si kitu kimoja. Wa kwanza ana haraka kwa sababu mikono yake imekwisha kujua kila hatua, naye hana haja ya kuiruka. Wa pili ana haraka kwa sababu ameziacha hatua nyuma. Kikosi kilichojilipua chenyewe hakiwezi kumsaidia mtu yeyote aliyezingirwa, na adui hahitaji kufanya lolote ila kungoja.

Wengine watasema kwamba haya yana gharama, kwamba makombora ya bandia, watahini kutoka nje na siku za ziada uwanjani ni fedha. Ni kweli. Lakini hatua iliyo muhimu kuliko zote haigharimu hata senti moja, nayo ni haki ya askari wa mwisho kabisa katika kikosi kupaza sauti ya kusimamisha ufyatuaji anapoona hatari, na hakikisho kwamba hataadhibiwa hata ikibainika kwamba alikosea. Jeshi limejengwa juu ya utii, nami silipingi hilo. Naomba nafasi hii moja tu, pale mdomoni mwa mtutu, ambapo neno la prayveti liwe zito kuliko la kanali.

Kamati ya Bunge inayohusika na ulinzi ina uwezo wa kuuliza maswali haya bila kufichua siri yoyote ya taifa. Iulize ni vikosi vingapi vilipimwa mwaka uliopita na vingapi vikaanguka. Iulize nani huwateua watahini. Iulize baada ya kila zoezi ni makombora mangapi yalibaki bila kulipuka, na nani alikwenda kuyatafuta. Adui hapati faida kwa kujua kwamba askari wetu hupimwa sawasawa.

Na siku ikitokea, Mungu atuepushie mbali, afisa akasimama mbele ya mama aliyefiwa akamwambia kwamba ajali haina kinga, mama huyo ana haki ya kumjibu kwa swali moja: ni nani aliyempima mwanangu, lini, na kwa mtihani upi?